Mashine Tupu

Kila asubuhi mama alipofunua sufuria ya mvuke, jikoni kwetu hakuna aliyemwona mwenzake. Mimi nilisimama pembeni na kijiko kilicholowa maji, kazi yangu ikiwa kubandua idli, vile vikate vyeupe vya mchele na dengu vinavyoivishwa kwa mvuke, moja moja kutoka kwenye vibati vyake bila kuzirarua. Mama alikuna nazi ya chatini, akakaanga haradali mpaka ikaruka, akanywa kahawa akiwa wima, kisha akakimbilia basi la kwenda Tenkasi, alikofanya kazi posta. Baba ni dereva wa lori. Tulimwona mara moja kwa mwezi, macho mekundu na nguo zimejaa vumbi la njia ya kaskazini.

Lakini mwenye jiko hakuwa mama. Mwenye jiko alikuwa Bibi Ulagammal, mzazi wa baba. Yeye ndiye aliyechagua mchele na dengu nyeupe, akaviroweka asubuhi kila kimoja na bakuli lake, na kwenye dengu akatia kijiko kimoja cha uwatu. Jioni alisaga, akachanganya, akaacha rojo lilale. Mama akisaga, rojo liliumuka. Bibi akisaga, rojo liliumuka likainua kifuniko. Watu wote wa mtaa wetu hapo Ambasamudram, kusini mwa India, walilijua jambo hilo, na Bibi mwenyewe alihakikisha kwamba hawalisahau.

Ukimuuliza siri yake alikuonyesha mkono wa kulia. Kwetu rojo la idli halichanganywi kwa mwiko. Chumvi ikishatiwa, unazamisha mkono mpaka kwenye kifundo, unakoroga taratibu, na joto la mkono ndilo linaloliamsha. Ndiyo maana idli za nyumba hii hazifanani na za nyumba ile, hata kama mchele umetoka gunia moja. Watu wa kwetu wakitaka kumsifu mpishi husema ana mkono.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, shule zilipofunguliwa mwezi wa sita, Bibi alianguka kando ya kisima akiteka maji. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali mdomo ulikuwa umepinda upande, maneno yalitoka nusu nusu, na ule mkono wake mashuhuri ulilala juu ya shuka bila kujua kama kuna inzi.

Daktari alisema ale vitu laini, kidogo kidogo, lakini ale. Akiacha kula nguvu zitamtoka, na zikimtoka hatuna la kufanya. Mama akapika uji. Bibi akaufunga mdomo. Mama akaleta mkate wa maziwa. Bibi akageukia ukutani. Alitaka idli, iliyovunjwavunjwa na kulowekwa mafuta ya ufuta, na si kitu kingine chochote.

Jioni ya kwanza aliniita kitandani. Kitanda chake tulikuwa tumekiweka kwenye chumba kinachopakana na jiko, mlango wazi, ili asikie nyumba ikifanya kazi.

"Poongodi," akasema, "sasa mkono ni wako."

Akanifundisha akiwa amelala. Tulikuwa na mashine ya umeme, pipa dogo la chuma lenye mawe mawili yanayozunguka ndani. Mimi nilikuwa jikoni na mashine, yeye chumbani kwake, haoni kitu, na bado kila dakika sauti yake ilinifikia. Tia maji. Bado. Bado, una haraka ya kwenda wapi. Sasa toa. Nilidhani anahesabu dakika. Sikujiuliza ajuaje kwamba dengu zimelainika na kuumuka mpaka zinapiga ukuta wa pipa. Nilikuwa na akili za kutosha kupata alama nzuri darasani, lakini hilo halikunipitia kichwani.

Asubuhi kabla ya kula alikuwa na kawaida yake. "Leta mkono," alisema. Nilimpa mkono wangu wa kulia, akauvuta kwa mkono wake mzima mpaka puani, akanusa. Uwatu haukubali kuondoka upesi; unanawa kwa sabuni jioni, na asubuhi harufu yake bado imo kati ya vidole na chini ya kucha. Pumzi yake ya moto ilinichezea kiganjani, ikanitekenya, nikacheka. Akisharidhika, alikula. Alikula idli nne, kisha akaomba kahawa, na mama akaenda kazini akiwa na uso wa mtu aliyepona.

Hali ikawa hivyo kwa wiki tatu. Kisha yakaja mashindano ya wilaya ya kabadi, ule mchezo wa kuingia upande wa wapinzani, kuwagusa na kukimbia kabla hawajakukamata.

Shenbagam, rafiki yangu wa darasani, alikuwa nahodha wa timu ya wasichana, na mimi nilikuwa mwepesi wa kukwepa kuliko wote. Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba yetu, hatua thelathini kutoka mlango wa jiko. Nilipenda kabadi. Nilipenda vile wenzangu walivyolitaja jina langu. Nyumbani hakuna aliyenishangilia kwa kuchambua mchele.

Asubuhi moja niliondoka kwenda shule bila kuroweka chochote. Nilikumbuka saa kumi, nikiwa njiani kurudi. Dengu kavu hazisagiki. Shenbagam alicheka aliponiona nimesimama katikati ya barabara kama nimeona nyoka.

"Si ukanunue kwa Mzee Sudalai? Kwetu tunanunua kila siku. Wewe nani kwani, mke wa mfalme?"

Mzee Sudalai alikuwa na duka kwenye kona ya hekalu, na aliuza rojo lililosagwa tayari kwenye mifuko ya plastiki. Nilikuwa na hela za vitafunio. Nilinunua mfuko mmoja, nikaingia nao kwa mlango wa nyuma chini ya mtandio, nikaumimina kwenye chungu chetu. Ningeweza kuishia hapo, nikaenda kwa Bibi na kumwambia kwamba leo nimesahau, nimenunua. Angenisema mpaka masikio yaniwake. Niliogopa kusemwa. Zaidi ya hapo, niliogopa kwamba angetoa uamuzi kuwa kabadi imenipotezea akili.

Sasa kulikuwa na tatizo la mashine. Bibi alikuwa pale chumbani anangoja kuisikia. Basi nikatia maji kwenye pipa, maji matupu, nikawasha. Mawe yakazunguka, kelele ikajaa nyumba. Nikangoja kidogo nisikie kama ataniita. Hakuita. Nikatoka polepole kwa mlango wa nyuma, nikakimbilia uwanjani, nikacheza nusu saa, nikarudi kuizima.

"Nimemaliza, Bibi," nikamwambia kutoka mlangoni.

Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Vizuri."

Asubuhi akasema leta mkono. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nikampa. Akanusa kati ya vidole, akaugeuza, akanusa kiganja, akautazama mkono wenyewe.

"Umenawa vizuri sana," akasema.

Niliona amenisifu kwa usafi. Nikambandulia idli, nikamlisha, akala tatu.

Uongo wa kwanza ulinitetemesha, wa pili haukunitetemesha, na wa tatu niliutayarisha asubuhi mapema kama mtu anavyotayarisha begi la shule. Kila jioni nilipitia kwa Mzee Sudalai, nikamimina, nikatia maji kwenye mashine, nikawasha, nikatoka. Siku moja mama aliwahi kurudi, akanikuta ndiyo kwanza naizima mashine, jasho linanitoka. Akanifuta uso kwa ncha ya sari yake, akasema mwanangu unajituma. Nikamwacha aseme.

Na kila asubuhi Bibi alisema leta mkono, nami nilimpa, naye alinusa mkono usio na kitu. Hakusema tena kwamba nimenawa. Alikuwa anaushikilia kwa muda mrefu kuliko zamani, halafu anaurudisha kwangu taratibu. Idli tatu zikawa mbili. Mbili zikawa moja na nusu. Rojo la dukani lilikuwa na uchachu, kwa kuwa hukaa siku mbili kwenye joto kabla halijanunuliwa, na mimi mwenyewe niliusikia ulimini. Mama alimpigia baba simu, akamwambia mama yako anapungua.

Mchana mmoja wa Jumamosi niliingia chumbani kwa Bibi kuchukua nguo za kufua. Hakunisikia. Alikuwa ameegemea mto, uso dirishani, na mkono wake mzima ulikuwa unafungua pindo la sari. Ndani ya pindo mlikuwa na vipande vya idli nilizomlisha asubuhi ile. Kumbe alikuwa amevihifadhi mdomoni, akavitoa nilipogeuka kuchukua maji. Alikuwa anavimega na kuviweka kwenye ukingo wa dirisha, na kunguru mmoja mwenye shingo ya kijivu alikuwa anavila mbele yake bila haraka, mgeni aliyezoea nyumba.

Nilirudi kinyumenyume. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka kamasi zikanijaa. Bibi yangu alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa nyumbani kwake, na bado alikuwa ananifichia chakula nisijue kwamba hakiliki.

Kesho yake, kabla ya jua kali, nilichambua mchele na dengu mpaka macho yakaniuma. Nikaviroweka, nikatia uwatu, nikaenda kila saa kuangalia kana kwamba vingetoroka. Shenbagam alinipigia mluzi uwanjani saa kumi na moja. Nilimwambia kwamba siji. Akaniuliza nimepatwa na nini, nikarudi jikoni.

Nikaziweka dengu kwenye mashine, nikaiwasha. Sikuondoka. Nilikaa kwenye kibao nikitia maji kwa kiganja, nikisubiri sauti ya Bibi iniambie bado au sasa, lakini haikuja. Kwa mara ya kwanza nikaisikiliza mashine yenyewe. Mwanzoni mawe yaligugumia. Kisha dengu zikalainika na sauti ikawa nzito, na baadaye rojo likajaa hewa na kuanza kupiga ukuta wa pipa, pa, pa, pa, kofi laini. Tofauti na maji matupu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata kiziwi wa nusu angeitambua. Fikra moja ikaanza kunijia nikiwa pale pale kwenye kibao, lakini sikutaka kuimaliza.

Nikasaga mchele, nikavichanganya kwenye chungu, nikatia chumvi, nikazamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Rojo lilikuwa na uvuguvugu. Nilikoroga taratibu kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza, mkono ulikuwa mweupe mpaka kwenye kucha na ulinuka uwatu kiasi cha kumwamsha mtu. Nikakimbia nao chumbani, matone yakidondoka sakafuni.

Mama alikuwa anatoka, ameweka kidole mdomoni. Alikuwa amemkanda Bibi miguu, na sasa Bibi alikuwa amelala usingizi mzuri, wa kwanza kwa siku nyingi.

"Usimwamshe," akaninong'oneza. "Kesho."

Basi nikangoja kesho. Sikunawa mkono ule. Nilikula kwa kijiko, mama akashangaa, nikalala mkono ukiwa umekauka na kupasuka pasuka kama ukuta wa chokaa. Nilikuwa nimeshajipangia maneno. Ningempa mkono, anuse, na kabla hajasema chochote ningemweleza yote, mfuko, maji, uwanja, kunguru. Halafu ningemlisha idli nne.

Niliamka wa kwanza. Jikoni rojo lilikuwa limeumuka likainua kifuniko, likateremka kidogo ubavuni mwa chungu. Halikuwahi kuumuka hivyo kwangu. Nikaenda chumbani mbio, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaweka kiganja changu puani kwake.

"Bibi, leo nusa," nikasema.

Nikangoja ile pumzi ya moto inayonitekenya. Nikangoja. Nikausogeza mkono karibu zaidi, mpaka ukagusa pua, na pua ilikuwa ya baridi.

Sijui nilipiga kelele ya aina gani. Mama anasema alidhani paa limeanguka.

Wanawake wa mtaa walikuja kabla jua halijapanda ukuta. Shangazi Esakki, binti wa Bibi, anayekaa mtaa wa pili, alifika miguu mitupu na nywele wazi. Shangazi ni mkali wa mdomo na hodari wa mila. Hata akilia, macho yake hutafuta kitu ambacho hakijafanywa. Kwetu nyumba yenye maiti haiwashi jiko, na chakula kilichokuwa kimetayarishwa humo humwagwa chote. Majirani ndio wanaoleta chakula mpaka marehemu atoke. Shangazi akaingia jikoni, akamwaga maziwa, akamwaga mchuzi wa jana, akamwaga maji ya mitungi. Kisha akakibeba chungu cha rojo.

Nilikishika. Nilikishika kwa mikono miwili nikamwambia shangazi tafadhali hiki kiache.

"Wewe mtoto una wazimu? Bibi yako kalala pale, wewe unalilia idli?"

Akakivuta, nami nikakiachia. Akaenda nacho uani, akakiinamisha chini ya mgomba. Likatoka jeupe, limejaa mapovu, zito, zuri, likaenea kwenye udongo na kunywewa. Hilo ndilo rojo la kwanza nililosaga kweli tangu nianze uongo, na halikuingia kinywani mwa mtu yeyote.

Baba alifika jioni. Walimpeleka Bibi kuchomwa kando ya mto Tamirabarani, wanaume peke yao kama ilivyo kwetu, na sisi tukabaki kuosha nyumba.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko hiyo ya kwanza, kwa sababu watu walianza kunisifu. Kila mgeni aliyekuja kutoa pole aliambiwa habari zangu. Huyu ndiye aliyemsagia bibi yake kila jioni. Huyu ndiye aliyemlisha. Bibi mmoja mwenye meno mawili alinibusu paji la uso akasema mimi ni mjukuu wa kuigwa. Nilitaka ardhi inimeze. Usiku sikulala, na mchana sikula, na mama alidhani ni huzuni tu.

Siku ya kumi na sita kwetu ni siku ya kumwandalia marehemu vyakula alivyovipenda. Siku mbili kabla, mama na Shangazi Esakki walikaa sebuleni wakipanga nani apike nini. Mimi nilikuwa napeleka vikombe vya kahawa.

"Idli atapika Poongodi," Shangazi akasema. "Nani mwingine? Amemlisha mama yangu kwa mkono wake mpaka dakika ya mwisho."

Nikaweka vikombe chini.

"Sikumlisha kwa mkono wangu," nikasema. "Nilikuwa nanunua kwa Mzee Sudalai."

Mama akasema haiwezekani, aliisikia mashine mwenyewe siku ile alipowahi kurudi.

"Ilikuwa na maji. Nilikuwa natia maji matupu, naiwasha ili Bibi asikie, halafu nakwenda kucheza. Wiki mbili nzima. Na chakula alikuwa hakili, alikuwa anampa kunguru, na mimi nilijua siku mbili tu kabla hajafa."

Shangazi Esakki alifunika mdomo kwa pindo la sari. Nilijua linakuja tusi na nililitaka lije.

"Maji," akasema mwishowe. "Mtu amelala kitandani hawezi kugeuka, unamzungushia maji. Aliyesaga miaka hamsini, wewe ulidhani hajui mashine inalia vipi ikiwa haina kitu?"

Fikra ile niliyoikimbia kwenye kibao ndiyo hiyo, na sasa ilikuwa imesemwa kwa sauti mbele yangu. Alijua. Alijua tangu jioni ya kwanza. Asubuhi alinusa mkono wangu ili kuona kama angalau ningejitetea au ningekiri, na mimi nikampa mkono mkavu na uso mkunjufu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakumbuka jambo.

"Jioni ya mwisho je?" akaniuliza. "Jioni ile nilipokuambia usimwamshe?"

"Ile nilisaga kweli, mama. Rojo lile ndilo alilolimwaga shangazi."

Mama akaweka mkono kifuani. Machozi yakaanza kumtoka kabla maneno hayajatoka.

"Nilikuwa namkanda miguu," akasema. "Mashine inazunguka huko jikoni. Akanishika mkono, akasema, 'Leo ina kitu.' Nikamwambia ndiyo mama, ina dengu. Akasema tena, 'Leo ina kitu.' Nikaona ni maradhi yanasema. Kila siku si ina kitu? Kisha akafumba macho, akawa anasikiliza. Hakuniachia mkono mpaka ulipoizima."

Shangazi Esakki, ambaye nilidhani atanipiga, ndiye aliyenivuta mapajani mwake. Nililia nikiwa nimejikunja pale kama mtoto wa miaka mitatu, naye alilia juu ya kichwa changu, na nadhani alilia pia kwa ajili ya kile chungu. Mama aliniambia mambo mawili tu jioni ile. La kwanza, kwamba si rojo lililomuua Bibi. Daktari alishawaambia yeye na baba kwamba kiharusi cha pili kilikuwa njiani, na nisithubutu kujibebesha mzigo huo. La pili, kwamba idli za siku ya kumi na sita nitapika mimi.

Nikachambua, nikaroweka, nikatia uwatu. Jioni nilipowasha mashine, mama na shangazi walikwenda kukaa juu ya kitanda kitupu cha Bibi. Waliisikiliza mashine kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikasaga nikijua ninasikilizwa.

Asubuhi tulitandika jani la mgomba mbele ya picha ya Bibi yenye shada la maua ya njano. Tukaweka idli nne, mafuta ya ufuta, chatini, kahawa kwenye kikombe chake cha chuma. Kabla ya mtu yeyote kula, sehemu ya kwanza huwekwa juu ya ukuta kwa ajili ya kunguru, kwani wazee wetu hutuma kunguru kuonja. Baba akaiweka. Akaja mmoja mwenye shingo ya kijivu, akatua, akainamisha kichwa, akala. Watu wakashukuru, wakasema Bibi amekubali. Mimi nilimtambua kunguru yule. Alikuwa amekula idli nyingi za dukani kwa ajili yangu, na nilifurahi kwamba naye hatimaye amepata za nyumbani.

Yule bibi mwenye meno mawili alikula tatu, akanishika kidevu, akaanza tena habari za mjukuu wa kuigwa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikamwambia.

"Bibi yangu hakuzila hizi. Mimi nilimlisha za dukani nikamdanganya nimesaga. Hizi ndizo nilizosaga kweli, na nimechelewa."

Yule bibi akanitazama, akaitazama idli mkononi mwake, kisha akaendelea kutafuna polepole. Baba alitoka nje. Baadaye nilimwona ameegemea ukuta wa uani, na niliposogea alinikumbatia tu, akanuka dizeli na maua.

Wageni walipoondoka, mama alinikuta nasugua mawe ya mashine kwenye bomba la uani. Akaketi kando yangu kwenye kibao.

"Kununua rojo si kosa," akasema. "Nusu ya mtaa wananunua na ni watu wazuri. Ungemwambia Bibi, leo nimechoka, leo nimenunua, angenung'unika, angekutukana kidogo, angekula. Na kabadi tungeitafutia nafasi, mimi ningeweza kusaga siku za mazoezi. Hukutupa nafasi hiyo. Ulimzungushia mashine tupu ukadhani kelele inatosha. Mtu anayekupenda anasikiliza, Poongodi. Anasikia kama ndani hamna kitu, na mara nyingi hasemi, anakungoja. Usimfanye mtu akungoje hivyo tena. Kazi uliyoifanya, sema umeifanya. Uliyoshindwa, sema umeshindwa, hata kama utasemwa."

"Alinisubiri wiki mbili," nikasema.

"Na ukaja. Ulikuja jioni ile, akakusikia. Hilo nitalishukuru maisha yangu yote."

Nikawa siwezi kuona mawe kwa sababu ya machozi. Mama akafunga bomba.

"Leta mkono," akasema.

Nilimpa mkono wa kulia, uliolowa, wenye uwatu chini ya kucha. Akauinua mpaka puani, akafumba macho. Nikangoja, na pumzi ya moto ikanigusa kiganjani.